Watoto wanafundishwa haki za wenye ulemavu, wakipima mteremko wa shule yao wanafukuzwa!

Wakuu, nimechefukwa.

Darasa la binti yangu wamefundishwa habari za watu wenye ulemavu: haki zao, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, majengo yafikike na kila mtu. Safi. Kazi ya nyumbani sasa: chora mtoto kwenye kiti mwendo akiingia darasani, paka rangi. Basi!

Mwalimu wa Hisabati, kijana mwenye akili zake, akaona kuchora hakutoshi. Akawapa futi kamba wakapime mteremko wa kiti mwendo wa kuingilia darasa jipya. Kipimo kinachojulikana ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Sakafu ya darasa lile iko juu sentimita 60, kwa hiyo mteremko ulitakiwa uwe mita 7.2. Wamekuta mita 1.8. Hiyo ni 1 kwa 3! Kiti mwendo pale kinabinuka kinyumenyume na mtu wake. Anayebahatika kufika juu anakutana na kizingiti, na mlango unafungukia nje, hana hata pa kusogea. Choo chenye alama ya kiti mwendo ndiyo stoo ya mafagio na madawati mabovu.

Mkuu wa shule aliposikia akawafukuza warudi darasani, mwalimu akaitwa ofisini kuulizwa nani kamtuma kukagua mradi wa serikali. Eti ujenzi una wenyewe. Wenyewe gani? Fosi akaunti hiyo, yaani shule inajenga yenyewe kwa mafundi wa mtaani bila mkandarasi, mchanga na mawe tumesomba sisi wazazi! Fundi wa watu simlaumu sana, hakuna aliyemwambia 1 kwa 12 ni mdudu gani. Kaambiwa aweke njia ya walemavu, kamwaga zege mahali palipobaki. Ila mhandisi wa halmashauri kaja, kaangalia, kasaini. Nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009, na darasa hili rangi haijapauka.

Mtoto wa jirani yetu anayesoma hapo anapandishwa mgongoni na kaka yake kila asubuhi. Kaka yuko la saba, mwakani hayupo.

Kikao cha wazazi kinakuja na vipimo vya watoto naenda navyo. Mwenye ramani za madarasa ya serikali azitupie hapa, nione mteremko ulichorwa mita ngapi. Wahandisi mliomo humu, jengo kama hili linasainiwaje?