Ile "asilimia 10 ya mtaa" ukiuza au kununua nyumba Dar: tupeane uzoefu

Mleta mada

Habari wakuu, leo naomba tuelezane yale tuliyopitia wenyewe, sio ya kusikia kijiweni. Kila anayeuza au kununua kiwanja hapa Dar anakutana na kitu kinaitwa asilimia kumi ya serikali ya mtaa, yaani sehemu ya kumi ya bei ambayo ofisi ya mtaa inadai ili igonge muhuri kwenye mkataba. Dalali anakutajia mapema kabisa kama vile ni kodi ya nchi, na watu wanalipa.

Mimi nilinunua Goba, milioni 28. Tukaenda ofisi ya mtaa, mimi, muuzaji, mashahidi wake wawili, mjumbe na dalali. Mwenyekiti akafungua kaunta buku akaandika majina yetu, akasoma mkataba taratibu, alipofika kwenye bei akainua macho akasema sasa kuna haki ya mtaa, milioni mbili na laki nane. Nikauliza ni sheria ipi, akanijibu ndio utaratibu wa hapa. Tukaanza kuongea, ikashuka milioni moja na nusu, ikashuka tena, mwisho nikatoa laki nane. Risiti niliyopewa ni karatasi iliyochanwa daftarini imegongwa muhuri, imeandikwa "mchango wa maendeleo", kiasi hakijaandikwa. Muhuri ulipiga juu ya saini ya muuzaji mpaka leo ile saini haisomeki vizuri.

Sasa mnisikilize vizuri, sipingi jiji kupata hela. Barabara za huku tunazijua. Kodi ya majengo yenyewe tangu 2021 tunakatwa kwenye LUKU, yaani tukinunua umeme, na hela inaenda serikali kuu kwanza, kwa hiyo naelewa halmashauri zinatafuta vyanzo. Lakini Katiba ibara ya 138 inasema hakuna kodi ya aina yoyote kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Jiji likitaka fungu lake kwenye mauzo ya nyumba lipitishe sheria ndogo, madiwani wajadili, waziri aidhinishe, itangazwe, tulipe kwa kontro namba, ile namba ya malipo ya serikali. Bora hata asilimia 1 iliyotangazwa kila mtu akaijua kuliko hii kumi ya maelewano ambayo mwenye sura ya hela anatoa nne na mwenye ndugu pale ofisini hatoi kitu.

Karibuni, semeni mlilipa ngapi, mlipewa karatasi gani, na nini kilifuata baadae.

Mdau, Chanika

Asante mleta mada, hili limenikaa moyoni muda mrefu. Mume wangu alipofariki niliuza kipande cha kiwanja milioni 4 ili watoto wasitolewe shule, ada ilikuwa inadaiwa. Mjumbe akataka elfu 50 ya kuja kuonyesha mipaka, sawa, alitembea juani. Kufika ofisini natakiwa laki 4. Nikawaambia baba zangu hii hela ina kazi, mnunuzi nae ni kijana anaanza maisha. Wakasema basi gawaneni, laki mbili wewe laki mbili yeye. Tukalipa.

Kilichoniuma sio laki mbili peke yake. Wiki ileile jirani yangu mwenye nyumba kubwa kule barabarani aliuza kwa mamilioni mengi na ofisini hakukanyaga, alimaliza kwa wakili mjini. Kwa hiyo ile hela inatoka kwa sisi wenye vipande visivyopimwa, ambao ushahidi wetu pekee ni ule muhuri. Bila muhuri mnunuzi hakuamini. Hapo ndipo wanapokukamatia.

Mdau, Mbagala

Naomba nitetee kidogo, msinirukie. Nimekuwa mjumbe wa serikali ya mtaa miaka mitano. Mwenyekiti wa mtaa hana mshahara jamani, ni posho ndogo na yenyewe inachelewa. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha kupanga, kodi ya pango tunachangishana, karatasi za kuandikia tunanunua, wino wa muhuri tunanunua. Kiwanja kikiuzwa mara mbili, nani anaitwa baraza la ardhi kwenda kutoa ushahidi? Ni sisi, kwa nauli yetu, unaenda asubuhi kesi inaahirishwa unarudi, mwezi ujao tena. Nimeenda kwa ajili ya mauzo yaliyofanyika kabla hata sijaingia madarakani.

Ila nakubali kumi ni kubwa na haina maandishi. Tuliwahi kukaa kikao tukasema tuweke kiwango kimoja, elfu 50 kwa kila mkataba bila kujali bei, na itangazwe ukutani. Wengine wakagoma maana kwenye kiwanja cha milioni 60 waliona wanapoteza. Kama halmashauri ingesema ada ya kushuhudia ni kiasi hiki, risiti ya mashine, na sehemu fulani inabaki mtaani, wenyeviti wengi wangepumua, tena wangeheshimika.

Mdau, Kivule

Wacha mimi niseme madhara yake maana hapo juu mnaongelea hela iliyotoka tu. Mama yangu mdogo alinunua nyumba ndogo hapa kwetu milioni 35. Dalali akawashauri, mkiandika 35 mtatoa tatu na nusu, andikeni 12, mtatoa moja na laki mbili, zile nyingine mpeane pembeni. Wakafanya hivyo, na sio wao tu, huku karibu kila mtu anafanya hivyo, mkataba wa ofisini una bei yake na mkataba wa nyumbani una bei yake.

Miaka miwili mbele akatokea mtoto wa marehemu mwenye nyumba, anasema aliyeuza hakuwa msimamizi wa mirathi na yeye hakushirikishwa. Ikaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mama mdogo akashindwa kwenye nyumba, sawa, akaambiwa adai hela yake kwa aliyemuuzia. Sasa anadai ngapi? Mkataba wenye muhuri unasema 12. Ule wa nyumbani una saini ya muuzaji na shahidi mmoja ambaye ni dalali, na dalali alishahamia Morogoro hapokei simu. Hela ililipwa mkononi, kwenye mfuko wa rambo, mezani sebuleni, mimi nilikuwepo nikihesabu noti. Hakuna benki, hakuna ujumbe wa simu. Tukakimbilia ofisi ya mtaa angalau daftari liseme kitu, mwenyekiti wa zamani alishatoka kwenye uchaguzi wa 2019 na huyu mpya anasema hakukabidhiwa daftari lolote.

Mpaka leo anadai kwa awamu ile 12 na hata hiyo haijaisha. Milioni 23 zimekwenda. Hizo ni hela za genge la miaka mingi, mwanamke anaamka saa tisa usiku kwenda Ilala sokoni. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema ile ni kama chai tu ya wazee napata hasira kweli, maana hii tozo isiyo na sheria ndio inayowafundisha watu kuandika bei za uongo.

Mdau, Sinza

Pole sana kwa mama mdogo.

Mimi kazi yangu ni kufuatilia hati, ngoja niweke vizuri vilivyomo kwenye sheria ili watu wasichanganye. Ukiuza nyumba au ardhi Tanzania Bara kuna kodi ya ongezeko la mtaji, hiyo ni ya TRA (Mamlaka ya Mapato), asilimia 10 ya FAIDA kwa mkazi, sio ya bei nzima. Mfano ulinunua 20 ukauza 50, faida 30, kodi milioni 3. Nadhani ile kumi ya mtaani ilijificha kwenye kivuli cha hii kumi ya TRA, watu wakisikia kumi wanaona ni kitu kimoja. Ukiwa huna kumbukumbu za gharama zako kuna utaratibu wa miaka ya karibuni wa kulipa asilimia 3 ya bei au thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Nyumba uliyoimiliki na kuishi miaka mitatu au zaidi haiguswi kama faida haizidi milioni 15. Halafu kuna ushuru wa stempu asilimia 1, kwa mazoea analipa mnunuzi. Kuna uthamini, kuna fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, kuna ada za usajili. Zote hizo kwa kontro namba.

Mwezi uliopita nimemaliza nyumba ya Tabata yenye hati. Serikali ya mtaa hawakudai kitu, tulienda kwa barua ya utambulisho tu. Penye hati hii kumi inakosa pa kushika. Anachosema dada wa Chanika ndio ukweli, anayebanwa ni asiyepimiwa.

Mdau, Nairobi

Salamu kutoka Kenya. Kwetu hakuna hiyo ya mwenyekiti, ila msidhani mambo ni rahisi. Mnunuzi analipa ushuru wa stempu asilimia 4 ya thamani mjini, mashambani ni 2. Muuzaji analipa kodi ya faida, hiyo ilikuwa 5 tangu irudishwe 2015, Januari 2023 ikapanda mpaka 15. Kaunti yenyewe haina fungu kwenye mauzo, yao ni land rates, kodi ya ardhi ya kila mwaka, na bila cheti cha kuonyesha huna deni la rates uhamisho hauendi.

Nilinunua ploti milioni 6 za Kenya, mthamini wa serikali akaja akasema thamani ni saba na nusu. Badala ya laki 2 na 40 elfu nikalipa laki 3. Nilikasirika, lakini niliipata kwa maandishi, nilikuwa na haki ya kupinga, na bei yangu halisi imo kwenye mkataba.

Mdau, Kanada

Mi naishi Mississauga jirani na Toronto, hili la jiji kuwa na kodi yake kwenye mauzo nimeliona kwa karibu. Toronto ilianza kutoza ya kwake mwaka 2008, juu ya ile ya jimbo la Ontario. Nyumba ya dola milioni moja, jimbo linachukua 16,475 na jiji linachukua 16,475 nyingine, analipa mnunuzi siku ya kukabidhiwa kupitia wakili wake. Mississauga hakuna hiyo ya jiji. Mimi na mke wangu tulikaa na karatasi mezani tukapiga hesabu, tukaona tofauti ile ni fenicha zote na miezi kadhaa ya chakula, tukavuka mpaka tukanunua huku. Sasa kila siku napoteza muda barabarani kwenda kazini Toronto.

Anayenunua kwa mara ya kwanza anarudishiwa mpaka 4,475 kwenye ya jiji. Na tangu Januari 2024 nyumba za zaidi ya dola milioni 3 zimepandishiwa viwango. Yani ukiingia kwenye tovuti unaweka bei, unaambiwa utalipa ngapi kabla hata hujaenda kuiona nyumba. Mleta mada nakuunga mkono kwenye uwazi, ila mkija kuweka hiyo sheria ndogo angalieni na watu kuhama mpaka.

Mdau, Bunju

Mi nina wasiwasi. Mkiweka ya jiji rasmi, ile ya mwenyekiti haitaondoka, itakaa palepale na mpya itapanda juu yake. Mtaani kwangu tumeuziana viwanja zaidi ya vitano najua mwenyewe na hakuna hata mmoja aliyefika TRA. Watu hawataki kuonekana. Nyie mnafikiri huyo ataenda kulipa halmashauri?

Mleta mada

Mdau wa Bunju hoja yako ni nzito na sitaki kuipita. Ila jiulize kwanini yule mtu anakwenda kwa mwenyekiti na haendi TRA. Anakwenda kwasababu anataka muhuri, anataka serikali imtambue. Basi huo utambuzi uambatane na risiti ya halmashauri palepale mtaani kwa kiwango ambacho hata wa milioni 4 anakiweza, tena kwa wenye vipande vidogo mimi ningesema wasitozwe asilimia kabisa, iwe ada moja kama alivyosema mdau wa Mbagala. Na daftari liwe mali ya ofisi, likabidhiwe kwa mtendaji, maana mwenyekiti anaondoka na uchaguzi ila mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri.

Mdau, Kigamboni

Wakuu mimi nanunua wiki ijayo, kiwanja hakijapimwa, milioni 9, dalali ameshanitajia laki tisa. Nifanyeje?

Mdau, Sinza

Andika 9 kamili kwenye mkataba, usikubali kupunguza hata shilingi. Lipa kwa benki, kwenye maelezo ya muamala andika malipo ya kiwanja na mahali kilipo. Majirani wa pande zote wasaini kama mashahidi wa mipaka, na mke au mume wa muuzaji asaini pia. Mkataba uandikwe na wakili, halafu ndio uende mtaani. Wakidai hiyo laki tisa waombe kwa upole wakuonyeshe sheria ndogo ya halmashauri na wakupe risiti ya mashine, usigombane. Wakisema haipo, sema uko tayari kuchangia ofisi na kiasi kiandikwe kwenye karatasi kwa tarakimu na kwa maneno. Piga picha ule ukurasa wa daftari wenye majina yenu kabla hujatoka pale ofisini. Ukimaliza rudi hapa utuambie walikujibu nini.