Mrejesho: Kuwaongoza watumishi wa masjala kwa dira

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri baada ya kukabidhiwa usimamizi wa masjala ya halmashauri, nikiuliza namna ya kuwafanya watumishi waone tunakoelekea badala ya kuhangaika na majalada ya siku hiyo tu. Wengi mlinishauri niandike dira fupi inayopimika, na niwashirikishe wenzangu tangu mwanzo.

Mfano niliutoa katika Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ya Tanzania, iliyozinduliwa Julai 2025, ambayo haiishii kusema kwamba uchumi utakua, bali inalenga uchumi wa dola trilioni 1 na wastani wa pato la dola 7,000 kwa kila mtu. Nasi tukakubaliana kwamba jalada lolote lipatikane ndani ya dakika 5, na kila anayelichukua asaini rejista. Karani wetu mkongwe, ambaye huyatambua majalada kwa rangi ya kamba zake, ndiye aliyependekeza tuanze na ya ardhi, kwa kuwa wananchi huyasubiri kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Pendekezo hilo lilikuwa bora kuliko mpango niliokuwa nao, na tangu hapo kikao hukianza kwa kuwasikiliza watumishi.

Majalada ya ardhi sasa yamekaa sawa. Ya watumishi bado, kwani mkuu wa idara nyingine hajaridhia utaratibu wa kusaini. Nitazungumza naye kabla ya bajeti, na ushauri wenu kuhusu mazungumzo hayo nitaupokea kwa moyo wote.