Ulinganisho: The Infinity Gauntlet, Annihilation na Crisis on Infinite Earths, ipi ina uzito zaidi?

Nyota ya Kusini (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wanajukwaa, wengi wetu tulimfahamu Thanos, yule mwovu wa anga, kupitia filamu za Avengers za 2018 na 2019, kisha tukaanza kuzitafuta katuni zenyewe. Naomba tulinganishe mifululizo mitatu ambayo hutajwa kila panapozungumzwa vita vya anga: The Infinity Gauntlet ya mwaka 1991, iliyoandikwa na Jim Starlin na kuchorwa na George Pérez pamoja na Ron Lim, Annihilation ya 2006 na 2007, iliyoongozwa na Keith Giffen, na Crisis on Infinite Earths ya 1985 na 1986, kazi ya Marv Wolfman na Pérez huyohuyo. Mbili za kwanza ni za Marvel, ya tatu ni ya DC. Sitafuti ile yenye adui mwenye nguvu kuliko wote, kwa kuwa katika hadithi za aina hii karibu kila adui anaweza kuangamiza kila kitu. Nataka kujua ni ipi inayomfanya msomaji ahisi kwamba kuna kitu kimepotea kweli.

Mlinzi wa Zamu

Kwa kipimo hicho, mimi nasimama na Annihilation bila kusita. Jeshi la Annihilus, adui mkuu wa hadithi hii, linapovunja mpaka wa Negative Zone, ulimwengu mwingine kando ya wetu, na kuiteketeza sayari ya Xandar, kikosi kizima cha Nova, askari walinzi wa anga, kinakufa, na anayebaki ni Richard Rider, kijana wa Long Island ambaye analazimika kubeba peke yake nguvu zilizokuwa zimegawanywa kwa maelfu ya askari. Nguvu hizo zinaweza kumtia wazimu wakati wowote, na msomaji anaishi na hofu hiyo hadi mwisho. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba mashujaa wakubwa wa Dunia hawaji kuokoa mtu, kwa sababu wakati huohuo wanapigana wao kwa wao katika Civil War, mfululizo mwingine wa Marvel. Vita vinabaki mikononi mwa Ronan, Super-Skrull, Drax na wengine ambao hapo awali wengi waliwaona kuwa wahusika wa pembeni. Ukisoma hesabu ya siku tangu uvamizi ulipoanza, unaona kwamba hivi ni vita vya kuchosha, vyenye wakimbizi na ngome zinazoanguka, wala si pambano la saa moja.

Wino Mweusi

Ninaheshimu hoja ya ndugu Mlinzi, lakini nadhani inapima idadi ya waliokufa kuliko uzito wa hadithi. Katika The Infinity Gauntlet, Thanos anaalisha vidole na nusu ya viumbe hai vya ulimwengu inatoweka katika toleo la kwanza tu, na sababu yake si uhaba wa rasilimali kama filamu zilivyoeleza. Anafanya hivyo ili kumpendeza Kifo, ambaye katika katuni ni mwanamke anayesimama kando yake na kukataa hata kumsemesha. Hapo ndipo ilipo nguvu ya Starlin: kiumbe aliyevaa vito vyote sita vya uwezo usio na mpaka katika glavu yake anashindwa kupata neno moja kutoka kwa yule anayempenda. Toleo la nne, ambamo mashujaa wanaangushwa mmoja baada ya mwingine hadi Captain America anabaki amesimama peke yake mbele ya Thanos, bado naliona kuwa miongoni mwa kurasa bora za aina hii ya hadithi. Tena mashujaa walipata nafasi ya kupigana kwa sababu tu Thanos alikubali kujipunguzia uwezo, akitaka kuonekana jasiri mbele ya huyo mpenzi wake.

Mlinzi wa Zamu

Na baada ya hayo yote, Nebula, mateka wa Thanos, anaichukua glavu, anarudisha wakati nyuma kwa siku moja, na waliokufa wanarudi. Hasara yenyewe iko wapi?

Wino Mweusi

Iko kwa Thanos. Adam Warlock, shujaa anayeongoza mapambano dhidi yake, anamweleza kwamba kila mara amekuwa akishindwa kwa sababu moyoni mwake hajiamini kuwa anastahili mamlaka hayo, na hadithi inamwacha akiwa mkulima kwenye sayari ya mbali. Hadithi haikuwahi kuwa ya wale nusu waliotoweka.

Toleo la Kwanza

Wanajukwaa, mnaipita Crisis haraka mno. Nakubali kwamba ni ngumu kusoma: ina wahusika wengi kupita kiasi, maelezo marefu kuhusu Dunia nyingi sambamba, na adui wake, Anti-Monitor, hana nafsi ya kuvutia kama Thanos. Hata hivyo, Supergirl anakufa katika toleo la saba, na Barry Allen, yaani Flash, anakufa katika la nane akiharibu mtambo wa antimata. Barry hakurudi rasmi hadi 2008, kwa hiyo kizazi kizima cha wasomaji kilikua kikimjua mrithi wake, Wally West, kuwa ndiye Flash. Kwa Supergirl mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa maana historia mpya ya DC iliyoanza 1986 ilimfanya Superman kuwa mnusurika pekee wa Krypton, sayari alikozaliwa, na binamu yake aliyekufa kwa ajili yake akawa mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Kufa ni jambo moja; kufa kisha hata yule uliyemfia asiwe na kumbukumbu yako ni jambo jingine, na sijaona hadithi ya Marvel iliyothubutu kufika hapo.

Ningeongeza pia Fantastic Four toleo la 48 hadi la 50, za mwaka 1966, ambazo Stan Lee na Jack Kirby walimleta Galactus, mla sayari, kwa mara ya kwanza. Silver Surfer, tarishi wa Galactus, anamgeuka bwana wake baada ya kuzungumza na Alicia Masters, mchongaji kipofu, ndani ya nyumba ya kawaida ya New York, naye anaadhibiwa kwa kufungiwa duniani.

Nyota ya Kusini

Hoja ya Supergirl imenigusa sana. Je, mtu anayeanza asome ipi kwanza kati ya hizi za Marvel?

Mlinzi wa Zamu

Hapa nakubaliana na Wino Mweusi: anza na The Infinity Gauntlet, kisha uende Annihilation. Drax alibuniwa mwaka 1973 katika toleo lilelile la Iron Man lililomtambulisha Thanos, akiwa kiumbe aliyeumbwa kwa kazi moja tu ya kumuua. Katika toleo la nne la Annihilation anaitimiza kazi hiyo, kwa bahati mbaya wakati uleule Thanos alipokuwa amekusudia kumfungua Galactus, aliyekuwa mateka wa Annihilus, na pengine kuwaokoa wote. Ukifika ukurasa huo ukiwa umeshamjua Thanos wa Starlin, utaelewa kwa nini sikuweza kumlaumu Drax wala kumshangilia.