Nondo wa tufaha hafi kwa dawa: kuzungusha, kuchanganya au feromoni?

Mpogoaji: Nimepulizia dawa tatu za majina tofauti, bado nakuta viwavi ndani ya matufaha. Kabla sijaongeza kipimo nauliza: nizungushe dawa, nichanganye mbili kwenye tangi, au nitumie feromoni, ile harufu ya nondo jike?

Kokwa: Usiongeze kipimo, ndugu! Utaua wanyonge, wabaki sugu wazaane wenyewe kwa wenyewe. Soma kibandiko, utaona namba ya kundi, yaani jinsi dawa inavyoua: 1B organofosfati, 3A pairetroidi, 4A neonikotinoidi, 5 spinosadi, 28 daiamidi. Jina likibadilika na namba ikabaki ileile, hujabadilisha kitu.

Mpogoaji: Nimeangalia. Mbili ni 3A, moja 1B.

BiShina: Ndiyo maana. Mimi nasimama na kuzungusha, ila kwa kizazi, si kwa kila mpulizo. Ukibadilisha kila mpulizo, kizazi kimoja kinaonja makundi yote. Kundi lililopiga kizazi cha kwanza lisiwaguse watoto wao. Kuchanganya kunafaa pale tu kila dawa ingeweza kuua peke yake kwa kipimo kamili, na zote zikadumu muda unaokaribiana. Kama 3A yako imeshachoka, mwenzake ndiye atakayebeba mzigo wote, na huyo naye utampoteza.

Utitiri: Nakubaliana na BiShina, ila namba pekee hazitoshi. Wapo wadudu wenye vimeng'enya vinavyovunja sumu za makundi kadhaa kwa pamoja. Tena pairetroidi huua utitiri wanaowala utitiri wekundu, ukajikuta na adui wa pili. Kwangu feromoni ndiyo msingi: harufu ikitapakaa shambani, madume wanashindwa kuwapata majike, na hakuna sumu ya kuchagua walio sugu. Ila shamba likiwa dogo, majike waliokwisha kujamiiana huingia kutoka kwa jirani. Nondo wakiwa wengi mno, wapunguze kwanza kwa dawa.

Mpogoaji: Na virusi vya granulo, vile vinavyopuliziwa kuua viwavi wa nondo huyu?

Kokwa: Vizuri sana, havidhuru wadudu marafiki. Lakini Ujerumani wamekuta nondo sugu hata kwa hivyo, kwenye mashamba yaliyovitegemea miaka mingi. Tatizo ni la zamani: A. L. Melander wa Marekani alieleza mwaka 1914 wadudu magamba wa San José waliohimili salfa ya chokaa, dawa ya kupulizia ya enzi hizo.

Mpogoaji: Basi feromoni kabla nondo hawajaanza kuruka, 28 kizazi cha kwanza, virusi cha pili. 3A naiweka kando.

BiShina: Na okota matunda yaliyotobolewa kabla viwavi hawajatoka. Mitego ya kunasa nondo ikague kila wiki, hasa ya pembezoni.