Naomba ushauri: gego linashtuka na baridi, karafuu itatosha?
Wasee naombeni ushauri, gego la chini nikikunywa maji ya friji ama hata ule upepo wa asubuhi nikiwa kwa boda pale Thika Road, linapiga shoti mpaka machozi yanatoka, lakini chai moto haina shida. Nimesoma ndani ya jino kuna seli zinaitwa odontoblasti, zimeingiza mikia kwa vijitundu vya dentini (ile safu ngumu iliyo chini ya ganda la nje la jino), na 2021 watafiti walionyesha zinahisi baridi kupitia protini ya TRPC5, na mafuta ya karafuu yanaizima hiyo protini (kumbe shosho hakuwa anabahatisha). Sasa nikitafuna nyama choma pia linauma, huo unaweza kuwa ufa? Nizibe ama ning'oe? Na kuziba huku tao ni pesa ngapi siku hizi?