Fundi wa AC Mtwara, umenijazia gesi mara tatu kwenye mashine isiyovuja na sasa kompresa imeungua

Wakuu, hamjambo. Nimejizuia wiki tatu nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Nina duka la dawa Mtwara mjini, upande wa Shangani. Anayeijua Shangani anajua kaskazi ikishaanza, kuanzia mwezi wa kumi na moja, joto na unyevu vinavyokaba hata usiku. Kwenye maboksi ya dawa imeandikwa hifadhi chini ya nyuzi 25, mengine chini ya nyuzi 30. Kipimajoto ninacho ukutani, na daftari ninajaza asubuhi na jioni. Mkaguzi akija ndilo la kwanza analoomba. Kwa hiyo AC kwangu si starehe ya kukaa na kupepewa. Ikizima, mali yangu inaharibika, na mtoto wa mtu anapewa dawa iliyopikwa.

Nilinunua ile ya kipande kimoja, ya kubandikwa ukutani kwa nje. Wengi mmeiona kwenye vibanda vya minara ya simu na kwenye ofisi za makontena. Kompresa (pampu inayosukuma gesi), kondensa (koili inayotoa joto nje), feni na koili ya ubaridi vyote vimo ndani ya kabati moja la bati refu, linakaa nje. Ndani ya chumba unaona vidirisha viwili tu: cha chini kinavuta hewa, cha juu kinatoa baridi. Duka langu ni dogo, rafu zimefika darini, kwa hiyo nilitaka kitu kisichokula ukuta wa ndani. Ilisafiri kwa lori kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, imefika imesimama wima bila mkunjo. Kwa muuzaji na kwa dereva sina neno.

Sasa sikilizeni, maana shina la ugomvi ni hapa. Mashine ya namna hii inatoka kiwandani gesi imeshajazwa na kufungwa. Kwenye split, ile ya vipande viwili, kimoja ndani kimoja nje, fundi anaunga mabomba ya shaba, anakaza nati, anavuta hewa kwa pampu ndipo afungulie gesi, na kila kiungo alichokaza ni mahali panapoweza kuvuja. Hii haina kiungo hata kimoja cha gesi kinachofungwa nyumbani kwa mteja. Unatoboa ukuta, unaitundika, unaunga umeme, unaunga bomba la kutolea maji, kazi imeisha. Na gesi ya AC si petroli. Mashine haiichomi kama mafuta ya gari, haipungui kwa matumizi. Inazunguka humo humo miaka na miaka. Ikipungua maana yake imevuja, na kama imevuja pana tundu, na tundu linatafutwa. Mimi hayo sikuyajua. Yeye alipaswa kuyajua, ndiyo kazi anayoila.

Alikuja na kijana wake mmoja, akaamua mashine ikae nyuma ya duka, kwenye kichochoro kati ya ukuta wangu na uzio wa jirani. Pale mtu mnene anapita kwa ubavu. Nikamuuliza, "Fundi, hili joto linalotoka huku nje litaenda wapi?" Akanijibu, "Mama, ondoa wasiwasi, upepo wa bahari utalibeba." Upepo haufiki kwenye kichochoro kile. Joto linagonga uzio, linarudi, mashine inalivuta tena. Na ilikuwepo nafasi nzuri tu ubavuni mwa duka, sehemu ya wazi, nikamwonyesha kwa kidole. Akasema kule ukuta una lenta, kutoboa ni kazi. Kumbe alikuwa anajipunguzia kazi yeye.

Pengo kati ya kabati na ukuta akalishindilia mifuko ya saruji iliyokunjwa, akapaka plasta juu. Mvua ya kwanza maji yakapita, katoni mbili za ORS nikazitupa. Umeme akauchukua kwenye soketi ya friji! Friji ya insulini! Siku ya tano soketi ikayeyuka. Nikalipa fundi umeme mwingine, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, akavuta laini peke yake kutoka kwenye boksi na breka yake. Hayo nilimeza. Nikasema kazi ya mikono ina makosa, maisha yaendelee.

Mwezi wa pili tangu ifungwe, baridi ikaanza kupungua. Nikampigia. Akaja na geji moja ya presha, akaiunga, akatazama dakika mbili. "Mama, gesi imepungua. Si unajua joto la huku kwetu." Akajaza. Shilingi 80,000. Hakufungua filta. Narudia, hakufungua filta, na filta ya mashine hii unaivuta kwa mkono bila bisibisi.

Wiki tatu hazijaisha, baridi hakuna. Akaja tena. Safari hii akaazima mashine ya kuoshea magari, akaipiga kondensa kwa presha ile ile wanayotolea tope kwenye matairi. Yale mapezi ya alumini ni membamba kama karatasi ya sigara. Yakalala yote upande mmoja, yakaziba njia ya hewa. Baada ya kuosha akasema gesi nayo "imeshuka kidogo". 80,000 nyingine.

Mara ya tatu nilikuwepo na macho yangu nikayatumia. Kibao cha mashine kimeandikwa R410A, ndiyo aina ya gesi yake, kilo 2.0. Mtungi aliokuja nao umeandikwa R22. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona maandishi hayafanani?" Akasema, "Hizi zote ni gesi, mama, zinafanya kazi moja." Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu yeye ndiye fundi. Mpaka leo naona uchungu nikikumbuka kwamba nilikuwa na jibu mbele yangu, limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye bati.

Kuanzia hapo mashine ikawa inafanya kazi dakika 20 inajizima. Unaiwasha, dakika 15, inajizima. Nikampigia kwa mara ya mwisho. Akafungua kifuniko, akapekua nyaya, akasema kuna swichi mbovu, akaidairekti. Akakata nyaya mbili, akazisokota pamoja, akafunga selotepu. Mashine ikawaka haikuzima tena. Nikamshukuru! Nikampa na soda!

Ilikaa siku nne. Siku ya tano saa nane mchana tukasikia mlio kama wa kuvuta kiti kizito sakafuni, breka ikaanguka, harufu ya kuungua ikajaa duka zima. Kipimajoto kilifika nyuzi 35 kabla sijapata pa kuhamishia dawa. Paracetamol za watoto, zile za kuweka njia ya haja kubwa, ziliyeyuka ndani ya vifuko vyake. Vidonge laini vyenye dawa ya maji ndani vikagandana kwenye chupa. Nimetupa dawa, nimeandika kwenye daftari kwamba nimetupa na kwa sababu gani, na mwanamke aliyekuja usiku ule na mtoto mwenye homa nilimrudisha mikono mitupu, akatembea naye mpaka hospitali ya Ligula. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Nilipata mzee mmoja kutoka Lindi, mtu mzima, aliyehudumia vyumba vya baridi vya samaki miaka mingi. Huyu kabla ya kugusa kitu aliinama, akavuta filta, akaninyooshea. Ilikuwa imekuwa blanketi. Vumbi limelowa unyevu, limekuwa kama sufu. Akaniambia, "Mama, ugonjwa wako wa kwanza ulikuwa huu hapa." Akanieleza pole pole kama anavyofundisha mjukuu. Filta ikiziba, koili ya ndani haipati hewa ya kutosha. Koili isipopata hewa, presha ya upande wa kuvuta inashuka. Fundi anayetazama geji ya upande huo mmoja tu anasoma presha ndogo, anasema gesi imepungua, anaongeza. Gesi imetimia, yeye anaongeza. Upande wa pili, wa kondensa, presha inapanda. Weka na joto linalorudi kutoka kwenye uzio. Weka na chumvi ya bahari. Weka na mapezi yaliyolazwa. Presha inapanda mpaka swichi ya ulinzi inakata, kwa sababu ndiyo kazi iliyowekewa. Swichi haikuwa mbovu. Ile swichi ndiyo iliyokuwa inanililia kila baada ya dakika 20, na yule bwana akaiziba mdomo.

Kisha akafanya jambo moja ambalo ningependa kila mwenye AC alione kwa macho. Alivuta gesi yote kutoka kwenye mashine, akaiingiza kwenye mtungi mtupu, akauweka kwenye mizani. Kibao kinasema kilo 2.0. Ilitoka kilo 2.9. Karibu kilo nzima ya ziada, na mchanganyiko wa R410A na R22 usiofaa tena kwa kazi yoyote. Kisha akajaza naitrojeni, akapaka povu la sabuni kila kona, akaiacha usiku kucha. Asubuhi geji haikusogea hata nywele. Haivuji. Haijawahi kuvuja.

Mafuta ya kompresa yalitoka meusi yananuka. Akasema hata ikibadilishwa kompresa, lazima mfumo usafishwe, kikaushio (kichujio kinachonyonya unyevu ndani ya mfumo) kibadilishwe, na hewa ivutwe kwa pampu kabla ya gesi mpya, la sivyo mpya nayo itaungua. Akaongeza kwamba R410A presha yake ni kubwa kuliko ya R22 kwa zaidi ya nusu, mafuta yake ni tofauti, na inapimwa kwa mizani ikiingia ikiwa kimiminika. Fundi asiye na mizani hajazi R410A, anabahatisha.

Sasa wewe fundi, najua unausoma ukurasa huu, kuna watu wameshakutumia. Jina lako silitaji, na la ofisi yako pia. Nilikuita uje tuongee kwa heshima mbele ya mjumbe, ukasema uko Masasi kikazi. Nikaita tena, ukasema mashine yangu ni ya zamani. Ina miezi saba! Ninachodai ni hiki: unirudishie 240,000 za gesi isiyohitajika, na uchangie kompresa uliyoiua kwa kusokota nyaya mbili. Zile siku nne ulikuwa unapita hapa dukani unanisalimia na unajua swichi ya ulinzi umeitoa. Ulijua. Hiyo haiitwi kukosea.

Na kwa ndugu zangu wa Mtwara na Lindi wenye mashine kama hii, kwenye maduka, maabara, hata zile ofisi za maghala ya korosho kunakojaa vumbi msimu mzima: filta ivueni wenyewe kila mwezi, osheni kwa maji, kausheni kivulini, rudisheni. Karibu na bahari kondensa isuuzwe kwa maji ya bomba ya kawaida angalau kila miezi mitatu, maana chumvi inakula alumini kimya kimya. Angalieni na kile kidirisha cha kuingiza hewa ya nje. Changu kilikuwa wazi kabisa tangu siku ya kwanza, nilikuwa napooza unyevu wa Bahari ya Hindi kwa umeme wangu. Na fundi akikwambia gesi imepungua, mwambie akuonyeshe inapovujia kabla hajafungua mtungi.

NYONGEZA, saa 3 usiku. Kuna aliyeuliza kwa nini sikudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Niliidai. Akasema akinipa bei itapanda. Nilikubali kutoipata na hapo nimekosa, lakini meseji za malipo ninazo zote tatu, zina tarehe na kiasi. Mwingine anasema nimsamehe kijana, anatafuta riziki. Na mimi natafuta riziki. Na yule mama wa usiku ule naye alikuwa anatafuta dawa ya mtoto.

Mashine tumeshaihamishia ubavuni mwa duka, pale pale nilipoonyesha kwa kidole siku ya kwanza. Lenta haikuguswa, tundu limetobolewa chini yake kwa nusu siku, na imelazwa kidogo kuelekea nje ili maji yatoke. Inasubiri kompresa tu. Ninatafuta ya R410A, fezi moja, umeme wetu wa 230 V na 50 Hz, uwezo wa BTU 24,000. Anayejua duka lililonayo, Mtwara, Lindi au Dar, aandike hapa kwenye uzi. Dawa za nyuzi 25 nimezihifadhi kwa mwenzangu mwenye duka Mikindani. Zilizobaki niko nazo hapa na feni mbili, na kipimajoto sasa hivi kinasoma 31.