Msituombe uchungu tu: wanawake tunaoandika kutoka Bukavu tumechoka kutumiwa

Ndugu zangu,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninaomba asiwepo wa kuniambia kwamba nikipumzika kidogo yataisha. Kwa miaka yote ambayo nimeandika juu ya haki za wanawake wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wasomaji wa mbali na hata baadhi ya wenzetu wa hapa hapa wametaka kwangu kitu kimoja tu, yaani habari za ubakaji, tena zenye uchungu kuliko za jana. Daktari Mukwege, aliyewatibu hapa kwetu wanawake waliobakwa, alistahili kabisa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2018, lakini tangu hapo wengi wanadhani mwanamke wa mji huu hana neno lingine la kusema. Nikiandika juu ya kodi anazodaiwa mama anayebeba mizigo mgongoni kutoka ziwani hadi soko la Kadutu, kimya. Nikiandika juu ya urithi, natukanwa.

Nilieleza kwamba Sheria ya Familia ya Kongo inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya mali, wagawane sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume, na kwamba tangu marekebisho ya 2016 mke hahitaji ruhusa ya mumewe ili atie sahihi mkataba au asimame mbele ya hakimu. Majibu yakawa kwamba sina mume na kwamba nalipwa na wazungu. Hakuna aliyegusa jambo lenyewe: binti anafukuzwa katika kiwanja cha baba yake kabla matanga hayajaisha, baba zake wadogo wakisimama mlangoni na kumwambia kwamba yeye ni mtu wa kwenda kwa watu.

Usiku nao una kazi yake. Saa nane za usiku dada ananiandikia kwamba mdogo wake amebakwa, afanye nini. Namjibu kwamba wafike hospitalini, Panzi au kwingine kulikokaribu, kabla saa 72 hazijapita, kwa sababu baada ya hapo dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazitegemewi tena. Nitajibu hivyo kila nitakapoulizwa. Lakini mimi si daktari wala mwanasheria, mega za intaneti nanunua mwenyewe, na nikikaa wiki moja bila kuandika wanasema nimenunuliwa. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, wenzangu kadhaa wamenyamaza kabisa. Wanaowalaumu wakiwa Ulaya wakumbuke kwamba sisi tunalala humu humu.

Lililonijaza kabisa ni shirika moja, ambalo silitaji jina, lililochukua makala yangu ya wabeba mizigo bila kuniuliza, likaitafsiri kwa Kifaransa, likaondoa aya yote ya kodi, likabandika picha ya mama anayelia ambaye mimi simjui, kisha likaisoma mbele ya wafadhili katika ukumbi wa hoteli. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma, na niliondoka na soda na pesa ya usafiri. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba wafadhili wanaguswa na ushuhuda, hawaguswi na hesabu. Mama wale walinihesabia kwa vidole, kituo kwa kituo, kila mahali wanapolipishwa kabla hawajafika sokoni; hesabu hiyo ndiyo waliyotaka isomwe, na hakuna hata mmoja wao aliyelia.

Kwa hiyo ninadai shirika hilo lirudishe aya ile mahali pake, liondoe ile picha, liandike jina langu, na liwapelekee mama wale maneno yao katika Kiswahili kile kile walichotumia. Wauguzi na wanasheria mlioko humu, jiandikisheni hapa chini ili tupeane zamu ya kujibu jumbe za usiku, maana peke yangu siwezi tena. Makala yangu ya wiki ijayo ni ya urithi, sehemu ya pili, na wenye matusi sitawajibu.